Kuoa, Kuolewa na Kupenda Makuu

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Ni methali ambayo kila mwanafunzi aliyepitia shule zetu ameiandikia insha angaa mara moja, na kila mwalimu wa Kiswahili ameisahihisha mara zisizo na idadi. Twaijua maana yake ya juu, twaijua maana yake ya ndani, na twajua hata methali zinazofanana nayo. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo sijapata kuliona katika mwongozo wowote wa kusahihishia: je, methali hii huambiwa nani?

Mwanamume anapotangaza kwamba anataka kuoa, na papo hapo anataka kuwa daktari, mwandishi au mbunge, hakuna mzee anayekohoa na kumkumbusha habari za mshika mbili. Kinyume chake, husifiwa kwamba sasa amekuwa mtu mzima. Lakini binti akitangaza hayo hayo, jamaa huanza kutazamana. Shangazi humwita kando na kumuuliza kama kweli amefikiri. Ndipo methali yetu inapoteremshwa kutoka darini, ikapanguswa vumbi, akatwikwa yeye.

Jambo hili limenishughulisha mno tangu nilipoitazama, pamoja na wanafunzi wangu wa mwaka wa pili, filamu ya Australia iitwayo My Brilliant Career. Ni filamu ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Gillian Armstrong, na ndiyo iliyomtambulisha kwa ulimwengu mwigizaji Judy Davis, ambaye aliituzwa kwa tuzo ya Uingereza ya BAFTA. Ilitokana na riwaya yenye jina hilo hilo iliyochapishwa mwaka 1901 huko Edinburgh, Uskoti. Mwandishi wake alikuwa msichana wa miaka 21 kutoka mashambani, aliyezaliwa mwaka 1879 na kupewa jina la Stella Maria Sarah Miles Franklin. Kati ya majina hayo yote alichagua kutia juu ya kitabu lile la Miles, kwa sababu lilisikika kama la mwanamume. Hila yenyewe haikufua dafu. Mwandishi mashuhuri Henry Lawson, aliyemwandikia dibaji, alifichua humo humo kwamba kitabu kimeandikwa na msichana.

Hadithi inatukia katika miaka ya 1890. Sybylla Melvyn ni binti wa mkulima aliyeshindwa na maisha, katika shamba kavu lililokaushwa na ukame. Ng'ombe wamekonda, baba ni mlevi, na watoto ni wengi. Sybylla hana urembo wa kusifiwa, hana mali, lakini ana kichwa kilichojaa vitabu na muziki, na amejiaminisha kwamba atakuwa mtu wa sanaa. Mamaye, ambaye hana uwezo wa kumlisha, anampeleka kwa nyanya yake tajiri. Huko, katika nyumba yenye bustani na watumishi, anatengenezwa nywele na ngozi, anafunzwa adabu za mezani, na anatayarishwa kwa shughuli moja tu: kuolewa.

Hapo ndipo anapojitokeza Harry Beecham, anayeigizwa na Sam Neill. Harry ana shamba kubwa, ana sura, ana ucheshi, na zaidi ya yote anampenda Sybylla kama alivyo. Wanapigana kwa mito kama watoto, wanapigiana makasia ziwani, wanacheka. Kisha Harry anaposa, na anaposa kwa namna ya mtu anayekamilisha shughuli ambayo jibu lake alikwisha kulijua. Anapomsogelea ili amkumbatie, Sybylla anamchapa usoni kwa mjeledi wa farasi. Hata baada ya hayo, urafiki wao hauvunjiki. Sybylla anaomba apewe muda ajitambue kwanza. Mwishoni Harry anarudi, anaposa tena kwa upole na unyenyekevu, na Sybylla anakataa kwa mara ya mwisho. Picha ya kumalizia yamwonyesha akiutia mswada wake katika sanduku la barua langoni, jua likichomoza.

Taa zilipowashwa ukumbini, mwanafunzi mmoja wa kiume alisimama akiwa na hasira ya kweli. Aliuliza, "Mwalimu, Harry ana kosa gani?"

Ni swali zuri, na nadhani filamu nzima imejengwa ili liulizwe. Tumezoea hadithi za aina nyingine. Katika tamthilia na riwaya nyingi tunazofundisha, mwanamke anayeikataa ndoa hupewa sababu tele na mwandishi. Mume ni mlevi, au mkatili, au mzee mwenye wake watatu na meno mawili. Msomaji huamua upesi, kwa maana hakuna la kuamua. Mwanamke anayemkimbia fisi hajachagua chochote. Ameokoa roho yake. Gillian Armstrong ametunyima njia hiyo ya mkato. Ametuletea mwanamume mwema, kisha akatuuliza: na huyu je? Kama kosa si la mwanamume, basi itatulazimu tulitafute katika mpango wenyewe wa mambo.

Kwa hiyo nilimjibu kijana yule kwamba Harry hana kosa lolote, na kwamba hilo ndilo lenye kuhuzunisha. Kisha nikawaomba wote tuliweke suala hili katika mizani ya taaluma yetu, yaani sarufi.

Kila aliyesoma mnyambuliko wa vitenzi anajua kwamba katika Kiswahili mume huoa, mke huolewa. Mume huposa, mke huposwa. Baba huoza, binti huozwa. Na mambo yakiharibika, mume huacha, mke huachwa. Katika mfululizo huo mzima mwanamume ni mtenda, na mwanamke amekaa katika kauli ya kutendwa. Mwanafunzi akiandika "Amina alimwoa Juma" tunampigia mstari mwekundu, ilhali sentensi hiyo haina kosa la upatanisho wala la muundo. Tunachosahihisha pale si sarufi tupu, twasahihisha mila. Ipo kauli ya kutendana, "kuoana", nayo ni ya heshima na usawa, lakini itazame inavyotumika: twasema Juma na Amina wameoana pindi sherehe imekwisha. Kabla ya hapo, mmoja anaoa na mwenziwe anaolewa.

Wapo watakaodakia hapa kwamba basi lugha yetu ndiyo iliyomfunga mwanamke. Naomba tusikimbilie hukumu hiyo. Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya Sybylla, hakina ubaguzi huu hata kidogo. Kitenzi cha kuoa ni kile kile kwa mume na kwa mke, na mwanamke aweza kuwa kiima chake bila mtu kushtuka. Lau sarufi ingekuwa ndiyo mlezi wa haki, Australia ya miaka ile ingekuwa pepo ya wanawake. Sivyo ilivyokuwa. Nyanya yake Sybylla anatumia kitenzi chenye usawa, lakini kila tendo lake laonyesha kwamba mjukuu ni kitu cha kukabidhiwa. Tofauti ni kwamba Kiswahili kimelitaja wazi jambo ambalo Kiingereza kimelificha. Mimi, kama mtu wa isimu, naona heri lugha inayokuonyesha shimo kuliko inayolifunika kwa majani.

Turudi kwenye filamu na tutazame wanawake watatu waliomzunguka Sybylla, kwa maana kila mmoja wao ni jibu la mtihani anaofanyishwa.

Wa kwanza ni mamaye. Alitoka katika nyumba ya kitajiri, akaolewa kwa mapenzi na mwanamume aliyemchagua moyo. Mapenzi hayo yamemfikisha kwenye jikoni lenye moshi, mikono yenye sugu, na mume anayehitaji kutolewa kilabuni. Wa pili ni Helen, dada ya mama. Huyu aliolewa, kisha mumewe akatoroka na mwanamke mwingine. Hakufanya dhambi yoyote, lakini aibu ni yake. Anaishi kwa mamaye kwa sauti ya chini kama mgeni aliyekawia kuondoka. Mumewe yu hai, na hali hana mume. Wa tatu ni Gussie, shangazi yake Harry, ambaye hakuolewa kamwe, na ndiye mwanamke huru kupita wote katika hadithi. Lakini uhuru wa Gussie una msingi wa fedha. Ana nyumba ya jamaa yake, ana chakula, ana heshima ya ukoo. Binti wa mkulima mlevi hawezi kuwa Gussie kwa kutamani tu.

Kwa hiyo, Sybylla anapomtazama Harry, hatazami mwanamume mmoja. Anatazama pia njia aliyopita mama, njia aliyopita Helen, na mlango wa Gussie ambao kwake umefungwa. Anajua kwamba Harry akimwoa ataendelea kuwa Harry, mwenye shamba, mwenye safari, mwenye jina. Yeye ndiye atakayebadilika jina, makao na kazi, na kitabu alichokusudia kukiandika kitangoja watoto wakue. Nao wakikua, huenda asikumbuke alitaka kuandika nini.

Tusidhani kwamba hofu hii ilikuwa ya njozi tu. Katika utumishi wa serikali ya shirikisho ya Australia, mwanamke aliyeolewa alilazimika kuacha kazi, na kanuni hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1966. Neno "au", katika kauli ya "ndoa au kazi", halikutungwa na wanawake wenye kiburi. Lilikuwa limeandikwa katika sheria, na lilimhusu mmoja tu kati ya wawili waliooana. Kwa sadfa ya ajabu, mwaka huo huo wa 1966 ndipo riwaya ya Franklin ilipochapishwa tena baada ya miaka mingi ya kutopatikana. Mwandishi mwenyewe ndiye aliyekuwa amezuia isichapishwe, kwa kuwa jamaa na majirani walijiona humo na wakaudhika.

Sasa natugeukie upande wa pili wa mizani, yaani lile ambalo Sybylla alilichagua badala ya ndoa. Hapa pia lugha yetu ina ushahidi wa kutoa. Jaribu, msomaji, kulitafutia Kiswahili neno moja la kusifu hali ya mtu anayetaka kufika mbali na kutambulikana. Tuna "tamaa", lakini tamaa mbele, mauti nyuma. Tuna "uchu", ambao ni wa mlafi. Tuna "ari" na "azma", maneno mema, ila haya husifu juhudi zaidi ya kusifu ndoto. Na pale mtu anapoota ndoto kubwa kuliko kimo alichopimiwa, twasema "anapenda makuu". Sijapata kusikia msemo huo ukitumiwa kama sifa. Tena nimeusikia ukiangukia wanawake mara nyingi kuliko wanaume. Mwanamume wa namna hiyo huitwa mwenye maono.

Franklin alilijua tatizo hili katika lugha yake. Jina la riwaya yake ladai kwamba maisha yake ya kazi yametukuka. Lakini katika mswada wake, baada ya neno lile la utukufu, alikuwa ametia alama ya kuuliza ndani ya mabano. Mchapishaji aliiondoa. Mwanaisimu hawezi kuipuuza alama hiyo iliyopotea. Pamoja nayo, jina la kitabu ni kejeli ya msichana anayejicheka kabla ya kuchekwa, na ni swali la kweli: je, haya niliyoyachagua yatatukuka? Bila alama ile, jina limekuwa majigambo. Ndivyo tunavyowafanyia wanawake wa aina yake hadi leo. Wao huuliza, nasi husikia wakijigamba.

Filamu, kwa bahati nzuri, imeirudisha alama ile bila ya kuiandika. Hebu tazama Sybylla anavyolipishwa. Ili kulipa deni la babaye, anapelekwa akawe mwalimu wa nyumbani katika familia ya M'Swat, watu wasiojua kusoma, wenye nyumba iliyojaa matope na nguruwe. Watoto ni watukutu na vifaa hakuna. Basi anawafundisha kusoma kwa magazeti makuukuu yaliyobandikwa ukutani kuzuia upepo. Walimu wenzangu, sehemu hii peke yake yatosha kuwafanya mwitafute filamu hii. Wako miongoni mwetu waliofundisha chini ya mwembe, kwa chaki ya kuokoteza, na watamtambua dada huyu mara moja. Ndipo pia tunapoona kwamba kipaji chake si pambo la sebuleni. Katika nyumba ile chafu, watoto waliokuwa hawajui herufi wanaanza kusoma ukuta.

Na anapomkataa Harry, hamkatai kwa furaha. Uso wa Judy Davis katika onyesho lile ni uso wa mtu anayekata kiungo chake mwenyewe. Anakaribia kabisa kumpenda, na anaogopa kwamba akijitia katika maisha ya mtu mwingine kabla ya kuishi yake, atamwangamiza mtu huyo pamoja na nafsi yake. Hakuna anayempigia makofi. Anabaki katika vumbi lile lile alilozaliwa nalo, na mswada usiojulikana utapokewaje.

Maisha ya mwandishi mwenyewe yalikuwa na uchungu wa namna hiyo hiyo. Miles Franklin hakuolewa. Alikwenda Marekani, akafanya kazi Chicago katika chama cha kutetea wanawake wafanyakazi. Akahamia London. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alihudumu Masedonia katika hospitali zilizoendeshwa na wanawake wa Uskoti. Alirejea kwao kuishi mwaka 1932, akaendelea kuandika, mara nyingine kwa jina la bandia, na hakupata tena ufanisi kama ule wa ujana wake ila kwa nadra. Alipofariki mwaka 1954, iligunduliwa kwamba ameacha fedha za kuanzishia tuzo ya riwaya. Tuzo ya Miles Franklin ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1957, na hadi leo ni miongoni mwa tuzo zinazoheshimiwa zaidi katika fasihi ya Australia. Kwa hivyo je, maisha yake yalitukuka? Mimi nasema ndiyo. Lakini sitamlaumu atakayesoma habari za upweke wake na kuiacha ile alama ya kuuliza mahali pake.

Inafaa pia tukumbuke kwamba mwongozaji huyu huyu, Gillian Armstrong, aliongoza mwaka 1994 filamu ya Little Women, iliyotokana na riwaya ya Mmarekani Louisa May Alcott. Humo pia mna msichana mwandishi, Jo March, anayemkataa kijana mwema na tajiri. Ila Jo anaolewa mwishoni, na profesa. Alcott, ambaye mwenyewe hakuolewa, alitaka Jo abaki peke yake na kalamu yake, lakini wasomaji wake wasichana walimwandikia wakitaka kujua ataolewa na nani. Basi aliwapa mume, japo si yule waliyemtaka. Nayasema haya ili tusidhani kwamba shinikizo hutoka kwa wazee wa kiume peke yao. Hutoka pia kwa msomaji anayefunga kitabu kwa kinyongo ikiwa hakuna harusi.

Na hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi, ambao ndio wenye kuisoma safu hii. Nimesahihisha maandishi ya wanafunzi kwa miaka mingi. Katika sehemu ya sifa za wahusika, mhusika wa kiume asiyeoa kwa sababu ya harakati au masomo huandikwa "mwenye msimamo thabiti". Wa kike afanyaye hayo hayo huandikwa "mwenye kiburi", "mbinafsi", au "aliyepotoshwa na usasa". Wanaoandika hivyo si wavulana tu. Wasichana pia huandika, kwa mwandiko mzuri, bila kusita. Msichana huyo anapomhukumu mhusika, anajisomea hukumu yake mwenyewe ya miaka mitano ijayo, naye hajui.

Simwambii binti yeyote akatae ndoa. Ndoa ni jambo la heri, na wengi wetu tumo ndani yake kwa shukrani. Wala sidai kwamba Kenya ya leo ni Australia ya Sybylla. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, yatamka kwamba mume na mke wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakati wa kuishi ndani yake na wakati wa kuivunja. Katika katiba, basi, kauli ya kutendana imekwisha kushinda. Kilichobaki ni mazoea, na mazoea hulelewa darasani na sebuleni.

Ndiyo sababu nina ombi dogo. Siku nyingine mtakapofundisha habari za mwanamke aliyesimama kwenye njia panda ya ndoa na ndoto zake, msiwaulize wanafunzi kama alichagua vyema. Waulizeni kwanza kwa nini ni yeye aliyetakiwa kuchagua. Kisha waambieni waiandike insha ya mshika mbili, mhusika mkuu akiwa Harry Beecham, mwenye shamba mkono mmoja na posa mkono wa pili. Waacheni wahangaike nayo kipindi kizima. Wavulana hasa wataona kwamba methali waliyoizoea tangu darasa la tano haijapata hata siku moja kuwauliza lolote.